Uza Ng'ombe Kabla Nyasi Hazijaisha

(Hotuba iliyotolewa kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya wafugaji na wakulima wa kando ya mto Tana, Garissa. Msemaji ni msaidizi wa mifugo ambaye mwenyewe amezaliwa katika boma la wafugaji. Tumeyaacha maneno yake karibu kama alivyoyasema.)



Barua yenu iliniomba niseme juu ya ng'ombe, mazingira na uchumi. Nilipoisoma nilifikiri nimepewa kazi tatu. Lakini kwa mfugaji wa Garissa kazi ni moja tu. Nyasi zikiwa nzuri, ng'ombe ni mzuri. Ng'ombe akiwa mzuri, bei ni nzuri, na mtoto anakwenda shule. Nyasi zikiisha, vyote vinaisha pamoja, tena kwa mwezi mmoja.

Wengine mtasema, "Huyu ni mtu wa ofisi, anakuja kutufundisha kufuga." Basi sitaanza na mafundisho. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

NG'OMBE WANGU ISHIRINI NA WATATU

Mwaka 2021 mimi na ndugu yangu tulikuwa na ng'ombe 23. Mvua ya deyr ya mwaka 2020 ilikuwa imetuangusha. Mvua ya gu iliyofuata ikaja vibaya pia, ikanyesha siku chache na kuondoka. Mwezi wa Juni mfanyabiashara mmoja alifika bomani. Akatazama madume, akawapapasa mgongoni, akasema atachukua sita, kila mmoja kwa shilingi 38,000. Hesabu hiyo ni shilingi 228,000.

Nilikataa. Nilijiambia, deyr iko karibu, Oktoba si mbali, watanenepa na nitawauza kwa 50,000. Mama yangu aliniambia, "Mwanangu, uza japo wawili tuweke unga ndani." Nikamwambia, "Mama, niachie mimi, hii ni kazi yangu." Na kweli ilikuwa kazi yangu. Mchana nilikuwa nikizunguka vijijini nikiwaambia watu wauze mapema. Jioni narudi nyumbani na sifanyi ninayosema.

Deyr ya 2021 haikuja. Februari 2022 niliwapeleka madume wale wale sokoni. Wawili walianguka njiani na hawakusimama tena. Wanne waliobaki niliuza kwa shilingi 9,000 kila mmoja, jumla 36,000, na nikashukuru kwamba kuna aliyenunua. Gu ya 2022 ikakosa. Deyr ya 2022 ikakosa. Misimu mitano mfululizo. Mvua iliporudi Machi 2023 boma langu lilikuwa na ng'ombe wanne, wote majike.

Sikuwa peke yangu. Katika kaunti kavu za Kenya ukame ule uliua mifugo zaidi ya milioni 2.5. Lakini hesabu kubwa kama hiyo haiumi. Kinachouma ni hesabu ndogo. Majike wangu wanne, kila mmoja akizaa mara moja kwa miaka miwili, nitapata ndama wawili kwa mwaka. Katika hao wawili, tuseme mmoja ni jike. Huyo jike atafika karibu miaka minne ndipo azae. Sasa nyinyi mnajua hesabu. Ili nirudi kwenye ng'ombe 23 nitakuwa mzee mwenye mkongojo, na ukame mwingine utakuwa umepita katikati.

Ndiyo maana nimekuja. Ninayo maneno machache ya kuwaambia, na nimeyalipia.

BEI YA NG'OMBE IMO NDANI YA NYASI

Garissa tunapata mvua ndogo, karibu milimita 300 kwa mwaka, na hiyo huja mara mbili: gu, Aprili hadi Juni, na deyr, Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna kiangazi, na kile kikali zaidi ni jilaal, Januari hadi Machi. Ng'ombe mmoja wa kilo 250 hula karibu kilo 6 za nyasi kavu kila siku. Ngamia anaweza kuishi kwa majani ya miti. Mbuzi atapanda hata kichaka. Lakini ng'ombe ni mtu wa nyasi, na anataka maji kila siku mbili au tatu. Kwa hiyo ukame ukija yeye huanguka kwanza. Ndiyo sababu familia nyingi za Garissa na Wajir sasa wanaongeza ngamia na kupunguza ng'ombe.

Nyasi nazo ziko namna mbili. Ziko za kudumu, zenye mizizi ya kwenda chini, zinazochipuka tena kutoka shina lile lile. Na ziko za msimu mmoja, zinazoota haraka mvua ikinyesha, zikatoa mbegu na kufa. Zile za kudumu ndizo benki yenu ya jilaal. Zikiliwa mpaka chini kila msimu, bila kupumzishwa, mizizi hufa. Ardhi inabaki wazi. Mvua ikija haiingii ndani, inakimbilia kwenye lagga na kuondoka na udongo. Mnalalamika kwamba mvua imepungua, na ni kweli inakosa mara nyingi siku hizi. Lakini hata ile inayonyesha hatuishiki.

Wazee wetu walijua jambo hili bila kusoma. Walihama. Walikula upande huu wakati wa mvua, pale penye maji ya mabwawa ya muda, na kuacha nyasi za karibu na mto na visima kwa jilaal. Mtu aliyeleta ng'ombe mapema mahali pa jilaal aliitwa mbele ya wazee. Kisha kuanzia miaka ya 1970 vikaja visima vya mashine na mabwawa makubwa, katika mipango ya serikali na wafadhili. Maji ni rehema, hakuna anayekataa. Lakini penye maji ya mwaka mzima watu walikaa mwaka mzima. Duka likaja, shule ikaja, na ng'ombe hawakuondoka tena. Leo tembeeni kutoka kisima chochote cha namna hiyo. Mtakwenda mwendo mrefu kabla ya kuona nyasi. Maji yapo, chakula hakuna. Ng'ombe anakufa njiani kati ya hivyo viwili.

Ukitaka ushahidi mwingine, mwangalie hirola. Paa huyu anaishi kwetu, Ijara na Fafi, na hana pengine penye asili yake ila hapa na ng'ambo ya mpaka Somalia. Yeye pia ni mla nyasi kama ng'ombe. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Leo wanahesabiwa kwa mamia. Ugonjwa wa sotoka uliwapiga miaka ya 1980. Halafu mbuga za nyasi zikageuka vichaka, kwa sababu malisho yalizidiwa na kwa sababu ndovu, waliokuwa wakivunja miti, waliuawa kwa pembe zao. Watu wa Ishaqbini walitenga ardhi yao wenyewe mwaka 2007 ili kumhifadhi. Mimi si mtu wa wanyama wa porini. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo hirola anakosa nyasi, ng'ombe wako naye anazikosa.

KWA NINI BEI HUANGUKA

Soko la mifugo la Garissa ni moja ya makubwa katika Afrika Mashariki. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, ng'ombe wengi wa kusini mwa Somalia, waliokuwa wakienda Mogadishu na Kismayu, waligeuzwa wakaja kwetu. Kutoka hapa wanapakiwa kwenye malori kwenda Nairobi, karibu kilomita 370, au kwenda ranchi za pwani kunenepeshwa. Kwa hiyo hatuna shida ya soko. Wanunuzi wapo. Shida yetu ni siku tunayokwenda sokoni.

Ukame ukianza kuuma, mambo matatu hutokea kwa wakati mmoja. Kwanza, wote tunauza wiki moja. Mnunuzi akiona ng'ombe mia tano wamekonda, kwa nini aongeze bei? Pili, mwenye lori hapunguzi nauli kwa sababu ng'ombe amekonda. Nauli ni ile ile, nyama ni nusu, na huenda mwingine akafia Mwingi. Hasara hiyo yote mnunuzi anaikata kwenye bei yako wewe. Tatu, unga unapanda. Julai 2022 pakiti ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Basi mfugaji anauza rahisi na kununua ghali, siku moja, soko moja.

Zamani ilikuwako LMD, idara ya serikali ya kuuza mifugo, iliyonunua ng'ombe huku kaskazini na kuwapitisha kwenye karantini. Ilikuwako KMC kule Athi River, iliyoanzishwa 1950. KMC ilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ikafunguliwa tena 2006. Wakati wa ukame serikali hununua mifugo, na tunashukuru. Lakini hununua wachache, na kwa kawaida hununua wakati wamekwisha konda. Huo ni msaada wa kuokoa kidogo. Usiupange kama mnunuzi wako.

"PESA HUISHA, NG'OMBE HUZAA"

Najua mzee mmoja hapa mbele ananisubiri na neno hili. (Kicheko.) Sasa nilijibu kwa heshima, kwa sababu ni neno la kweli.

Mwenye ng'ombe 40 akipigwa na ukame anaweza kubaki na 10, na 10 huzaa boma tena. Mwenye 10 anabaki na wawili, na wawili hawainui nyumba. Kwa hiyo anayeongeza ng'ombe wakati wa mvua si mjinga kama baadhi ya wataalamu wanavyosema. Ananunua bima ya aina yake.

Lakini tumwangalie nani anayezaa. Jike anazaa. Mtamba atazaa. Dume mmoja mzuri anatosha majike wengi. Je, yale madume yangu sita yangezaa nini? Ng'ombe kikongwe aliyepoteza meno atazaa nini? Jike ambaye hajashika mimba miaka mitatu? Hao wote jilaal nzima walikula nyasi ambazo majike wangu wenye mimba walizihitaji. Kila dume niliyekataa kumuuza Juni aliua jike mmoja Februari. Ndivyo ninavyohesabu sasa.

Kwa hiyo siwaambii muuze boma. Nawaambia muuze wasiozaa ili wanaozaa waishi.

Na jambo la pesa kuisha, kweli huisha zikikaa mfukoni. Wekeni katika mfuko wa kikundi. Nunueni unga na mahindi mapema, bei ikiwa chini. Lipeni karo ya muhula mzima. Wekeni dawa na chanjo. Na kikundi kinaweza kuwakopesha wanachama bila riba, kama baadhi yenu mnavyofanya tayari. Akiba haiozi.

UGONJWA HUFUNGA SOKO

Mwisho wa mwaka 1997 mvua kubwa ya El Niño ilishuka. Tulifurahi kuona maji, kisha yakaja mafuriko, na nyuma ya mafuriko Homa ya Bonde la Ufa. Mbuzi na ng'ombe walitupa mimba. Watu wakafa, mamia, hapa kwetu na kusini mwa Somalia. Mwaka 1998 Saudi Arabia ikazuia mifugo kutoka Pembe ya Afrika. Homa hiyo ikarudi Desemba 2006, na ilianzia hapa Garissa. Katika Kenya iliua zaidi ya watu 150. Soko likafungwa, kuchinja kukapigwa marufuku. Mchinjaji, mama wa maziwa, kijana wa kupakia ng'ombe kwenye lori, wote walikaa bure.

Elewa namna inavyofanya kazi. Mbu hutaga mayai kwenye mabonde madogo, na mayai hayo hukaa kwenye udongo mkavu miaka mingi. Mafuriko yakija yote huanguliwa pamoja, na baadhi ya mbu hao huzaliwa na virusi tayari. Kwa hiyo chanjo ni kabla ya mvua kubwa. Ugonjwa ukishaingia, sindano inayotoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine inaweza kuueneza. Msichinje mnyama mgonjwa, msiguse mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, na chemsheni maziwa. Mnyama akitupa mimba, na wa jirani, na wa jirani tena, pelekeni habari kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Anayeficha kwa kuogopa soko kufungwa siku tatu ndiye anayelifunga miezi mitatu.

Na msiseme magonjwa hayashindiki. Sotoka ilimaliza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890. Mara ya mwisho ilionekana Kenya mwaka 2001, kwa mbogo wa Meru, na mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa haina sotoka. Katika sehemu za mbali kama zetu kazi hiyo ilisaidiwa sana na wafugaji wa kawaida waliofundishwa kuchanja na kuripoti. Watu kama nyinyi.

MATHENGE NA MALKA

Sasa nigeukie upande wa wakulima, kwa sababu hapa ndani wako wafugaji na wako wenye mashamba ya ndizi, maembe na vitunguu kando ya mto. Wengi wenu mnaolima leo ni watoto wa wafugaji waliopoteza ng'ombe. Hamkuacha ufugaji kwa kupenda. Basi msiwe maadui.

Mnajua mti wa mathenge. Uliletwa miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, na kuni umetoa kweli. Lakini umekuwa kama mgeni aliyekaribishwa akachukua kitanda. Unaziba mto, unaziba njia, unaua nyasi chini yake. Maganda yake matamu yakiliwa mazima kwa wingi huharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 watu wa Baringo walimpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi, hakimu amwone mwenyewe. Na ng'ombe akila ganda hilo mbegu hupita tumboni salama na kuota kwenye mavi yake. Sisi wenyewe tunaupanda kila tunapohama.

Lakini ganda hilo likisagwa vizuri mbegu hufa, na unga wake ni chakula kizuri cha mifugo kikichanganywa na nyasi kavu. Kikundi cha akina mama chenye mashine ya kusaga kinaweza kupata kipato jilaal nzima. Ng'oeni michanga na mizizi yake. Mikubwa kateni kwa mkaa, mkiwa na kibali, kisha mchome au mng'oe kisiki, maana ukikata na kuacha unaota mara tatu.

Halafu malka. Malka ni njia ya ng'ombe kufika mtoni. Shamba likifungwa juu ya malka, ng'ombe aliyetembea siku mbili bila maji hatasoma kibao. Ataingia. Mahindi yataliwa, panga litatoka, na kesho kutakuwa na mazishi. Katika Tana Delta, kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 walikufa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na hapa hata fahali wenyewe huumia. Hakikisheni kila malka ya zamani inajulikana, ina upana wa kutosha, na imeandikwa kwa chifu na wazee wa pande zote mbili kabla ya jilaal. Na wakulima, mabua ya mahindi na vigogo vya ndizi msivichome. Mwuzieni mfugaji. Yeye atakupa mbolea na maziwa.

ATI NG'OMBE ANAHARIBU HEWA?

Kijana mmoja aliniuliza asubuhi: redioni wanasema ng'ombe analeta mabadiliko ya hali ya hewa, ni kweli? Ni kweli kwa sehemu. Ng'ombe anapocheua hutoa gesi ya metheni, nayo huongeza joto la dunia. Mwaka 2013 shirika la FAO lilikadiria kwamba mifugo yote ya dunia hutoa asilimia 14.5 ya gesi za namna hiyo zinazotokana na shughuli za binadamu. Magari, viwanda na mitambo ya umeme ya nchi tajiri yamo katika sehemu inayobaki, na mchango wa boma la Balambala ni mdogo mno. Lakini joto hilo linatuchapa sisi kwanza.

Nilichomjibu ni hiki. Ng'ombe mzee asiye na maziwa wala ndama anakula, anacheua na anatoa gesi sawa na wengine, na hakupi kitu. Jike mwenye afya anakupa maziwa na ndama kwa nyasi zile zile. Basi anayeuza wasiozaa mapema anasaidia hewa, nyasi na mfuko wake kwa tendo moja. Hatuhitaji mafundisho mawili.

TUFANYE NINI KATIKA VIKUNDI

Nawaachia mambo sita. Chagueni mawili mwaka huu kama sita ni mengi.

1. Wekeni siku ya hesabu. Si "tutaona hali." Katikati ya Juni na katikati ya Januari kila mwanachama atenge ng'ombe wake: majike na mitamba upande mmoja, na upande wa pili madume ya ziada, wazee na tasa. Hao wa upande wa pili wanauzwa wiki hiyo. Mvua ya deyr ikifika katikati ya Desemba bila kutosha, msingoje hata Januari.

2. Uzeni pamoja. Ng'ombe ishirini walionenepa wa wanachama kumi wanajaza lori moja. Mtu mmoja mwenye ng'ombe wawili hawezi kubishana na mnunuzi.

3. Kateni nyasi kavu, lakini hesabuni. Ng'ombe mmoja anataka kilo 180 kwa mwezi. Robota moja likiwa kilo 15, hayo ni marobota 12. Likiuzwa shilingi 300, ni 3,600 kwa mwezi, na kwa miezi minne ni 14,400. Hakuna anayeweza kulisha boma zima hivyo. Lakini majike watatu wenye mimba, kikundi kinaweza.

4. Rudisheni malisho ya jilaal. Wazee wachague eneo, lipumzishwe wakati wa mvua, na adhabu ijulikane. Hata eneo dogo, likilindwa misimu miwili, litawaonyesha nyasi za kudumu zikirudi.

5. Ulizeni juu ya bima. Ilianza Marsabit mwaka 2010, na mwaka 2013 Wajir wakapata ile ya takaful inayofuata sheria ya Kiislamu. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango, waliolipia hulipwa, hata kama ng'ombe wao hajafa. Ulizeni kwanza malipo huja lini na kwa kiwango gani. Haitoshi peke yake, ila inaweza kununua yale marobota.

6. Andikeni. Mali bila daftari huisha bila habari. Andika aliyezaliwa, aliyeuzwa, bei, tarehe, na hali ya nyasi siku hiyo. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litawafundisha kuliko mimi.

MWISHO

Mwaka jana majike wangu wawili walizaa. Dume mmoja, jike mmoja. Yule dume akifika umri nitamuuza akiwa amenona, mwezi wa Juni, hata mawingu yakiwa meusi kiasi gani. Nimemwahidi mama yangu mbele ya ndugu zangu, na leo nimeahidi mbele yenu, ili niogope kuvunja.

Sasa mzee wa mbele aseme neno lake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHAKO

1. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, ni ng'ombe wangapi wa kikundi chetu waliokufa, na ni wangapi kati yao tungeweza kuwauza mapema? Kwa nini hatukuuza?

2. Zamani malisho ya jilaal ya kijiji chetu yalikuwa wapi? Ni nani aliyeyalinda? Yako katika hali gani leo?

3. Ni malka gani zimefungwa karibu nasi? Ni nani tunapaswa kuzungumza naye kabla ya kiangazi?

4. Tukiuza ng'ombe Juni, fedha zitakaa wapi hadi jilaal ziwe salama?